Mkono wa Kulia wa Bibi Xavérine

Jumanne, 10 Julai 1990

Nimewapata! Ukoo wote wa Bibi Xavérine wa Gahanga, vizazi vinne, unapigwa picha Jumapili. Walitaka kumpa kazi Gratien, mpiga picha mwenzangu wa ng'ambo ya barabara hapa Rwezamenyo, yule wa kamera mpya na tai. Nimemwahi. Nilimwambia Mutabazi, kifungua mimba wa Bibi, kwamba kwangu ataketi mkono wa kulia wa mama yake. Akakubali papo hapo. Kigali nzima hakuna akili kama yangu.

Alhamisi, 12 Julai

Gahongayire, dadake Mutabazi, kaja studio. Amefura! Anasema yeye ndiye anayempikia Bibi na kumwogesha, na akikalishwa nyuma, kazi anapewa Gratien. Nikamwahidi mkono wa kulia. Akatoka anatabasamu. Jioni akaja mkwe wa Bibi, mtu wa serikali. Mkono wa kulia. Kuahidi hakumalizi filamu.

Jumapili, 15 Julai

Maafa. Watu zaidi ya arobaini uani kwa Bibi, na watatu wanavutana kiti kimoja. Gahongayire akanipazia sauti: "Évode! Si ulisema hii kiti iko yangu?" Mutabazi akanigeukia. Mkwe pia. Bibi akaanza kulia. Alisema hajawaona wanawe pamoja tangu azikwe baba yao, na leo wamekuja kugombania ubao. Niliona haya. Kidogo.

Nikatangaza kwamba mwanga unaondoka, kila mtu asimame alipo. Nikarudi nyuma ili waenee wote kwenye kamera. Nikarudi tena. Na tena. Nikatumbukia kwenye shimo la kuivishia ndizi za pombe!

Bibi akacheka. Gahongayire akamwangukia kaka yake begani, wote wawili hoi, machozi yanawatoka. Ukoo mzima ukacheka, mpaka vitoto vya mgongoni. Na nani akabonyeza kamera? Gratien! Gahongayire alikuwa amemwalika kimya kimya, eti nisije nikaharibu. Watu hawana imani.

Jumatano, 18 Julai

Picha iko dirishani kwa Gratien. Wapita njia wanasimama kuitazama. Bibi anacheka hadi ufizi wa nyuma, na wanawe wamekumbatiana kama watoto wadogo. Nzuri, basi. Niliingia nikamtaka aandike jina langu chini yake, maana bila mimi nani angecheka? Gratien akanionyesha mlango, kwa adabu zake zote.

Si neno. Kosa lilikuwa viti. Jumamosi nina harusi ya binti wa Béatha, na pale watu wote watasimama. Béatha nimemwahidi kuwa katikati kabisa. Mama wa bwana harusi pia. Wote wawili wametoka kwangu wakicheka. Sasa Gratien atanijua mimi ni nani!