Aliyekufa Kipindi cha Kwanza

Alphonce aliiona nyumba ile ya tembe kutoka dirishani mwa basi, papo hapo akajua kwamba riziki yake imehamia Issuna. Ulikuwa mwaka 1975. Wananchi walikuwa wamehamishiwa kando ya barabara, wakiishi pamoja kwa furaha waliyoelezwa na viongozi. Nyumba ile ikabaki peke yake nyuma ya majabali. Mtu angeuawa humo, wangesikia pimbi tu.

Akashuka amevaa suti, mkononi sanduku la mbao lililotobolewa tundu, tunduni kitako cha chupa. Huko kwao Utemini, mjini Singida, hata watoto wangelicheka. Issuna aliliita kamera.

“Televisheni ni redio yenye macho,” aliwaeleza wanakijiji, mbele ya Mzee Mughwai, balozi wa nyumba kumi. “Unguja wanayo tayari. Nimetumwa kutengeneza mchezo wa vipindi kumi. Watu kumi, nyumba ya upweke, kila kipindi anauawa mmoja. Muuaji nani? Watu hawatalala!”

“Wanaouawa wanakufa kweli?” aliuliza Mughwai.

“Kwa kuigiza tu, mzee wangu.”

Kisha akataja masharti, kwa huzuni ya mtu anayetekeleza sera asiyoitunga. Kufa kipindi cha kwanza, bure. Kubaki hai hadi mwisho, kuku watatu. Huo ni mchango, alisema, na neno mchango mwaka ule halikuhitaji maelezo.

Kila mtu alitaka kuishi. Adhuhuri haijafika, matenga yalijaa kuku, na Alphonce alikwisha kupatana na dereva wa lori ampitie alasiri.

Wa kumi kulipa alikuwa Marietha, mjane mwenye macho yasiyoharakishwa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Sote kumi tumelipa tusife?”

“Nyote, mama.”

“Sasa maiti nani?”

Watu wakaanza kuyatazama matenga yao.

“Wewe ndiye fundi,” Marietha akasema kwa upole. “Tuoneshe mtu anavyokufa.”

Angefanyaje? Wakaenda kwenye tembe. Suti wakamvua, isichafuke. Viatu pia, kwani maiti havai viatu. Wakamvika sanda, wakampaka unga usoni. Marietha akajipa upelelezi.

“Marehemu asitikisike mpaka muuaji apatikane,” aliagiza.

Alphonce akalala. Alimsikia Mughwai akikiri kosa huku analia, kisha mwingine naye akakiri, na moyoni akaona fahari: kumbe wana kipaji! Baadaye kukawa kimya. Hakufumbua macho. Kazi ni kazi.

Alipofumbua hatimaye, palikuwa na yeye na nzi tu.

Akakimbia hadi kijijini. Matenga yalikuwa matupu, kila kuku amerudi kwao. Mughwai alikuwa ameketi ndani ya ile suti, mikono ya koti ikimfunika vidole.

“Suti yangu, mzee!”

“Mali ya marehemu,” Mughwai alijibu, “ni ya warithi.”

“Umekufa vizuri mno, mwanangu,” Marietha akaongeza. “Mimi nilikaribia kulia.”

Lori likasikika. Alphonce akaruka barabarani, mikono juu, sanda ikipepea. Dereva akapunguza mwendo, akamtazama uso ule mweupe, akakanyaga mafuta kwa miguu yote miwili.

Ikabidi atembee hadi Singida. Njia nzima watu walimwachia barabara yote, heshima ambayo hakuwahi kuipata akiwa hai.