Hita, Uji na Riungu Mdogo

Jumatatu, 6 Julai 2009

Baridi. Ukungu umekalia Githongo tangu alfajiri na hautaki kuaga. Nimeanza kuandika kwenye daftari la zamani la kahawa, kurasa za nyuma ambazo hazijaguswa. Mimi niliachia darasa la tatu, lakini mwandiko wangu unapita wa daktari. Leo nimeuona wa daktari. Aibu!

Habari kubwa: Kiende, binti yangu, amejifungua mvulana wa pili. Mvulana wa kwanza alipewa jina la baba ya mume, ndiyo desturi. Huyu wa pili ni wangu. Jina langu. Riungu! Ila amekuja mapema, hajafika kilo mbili. Daktari anasema watatoka Jumamosi waje kukaa kwetu, maana mume yuko kazini mbali, na njiani mtoto asishikwe na baridi hata kidogo.

Mkwe wangu Mutembei, baba ya mume wa Kiende, alikuwa pale wodini na tai yake. Mwalimu mkuu mstaafu. Akasema atamleta mtoto na gari lake dogo la saluni, lina joto kama jikoni. Akasema pikapu yangu inafaa kubeba kabichi. Mbele ya manesi!

Nikamjibu kwamba Mfaransa wangu (pikapu yangu ni ya mwaka sabini na mbili, imetoka Ufaransa) ana hita ya kuchoma mahindi. Nikasema mtoto mwenye jina langu atakuja na gari langu.

Kiende akanitazama. Akasema, sawa baba, lakini Jumamosi nitaweka mkono mwenyewe kwenye tundu la hita kabla sijaingia. Nikiona baridi, napanda la baba Mutembei.

Hiyo hita niliiwasha mara ya mwisho mwaka themanini na tatu. Lakini nani anajua? Mimi na Mungu. Na Marcella, mke wangu. Marcella hatasema.

Jumanne, 7 Julai

Marcella amesema. Kanisani wote wanajua.

Hakuna neno. Asubuhi nilibonyeza swichi ya feni. Ilinguruma! Miaka ishirini na sita, na bado inanguruma! Nikainamisha uso karibu na tundu nisikie joto. Yakanijia maganda ya mahindi, manyoya ya kuku, karatasi ya kiwanda cha kahawa, na panya watatu. Panya mmoja alipita juu ya kichwa changu. Marcella alilazimika kukaa chini akicheka.

Kazi ya hita ni rahisi, mtu yeyote mwenye akili anaielewa. Chini ya dashibodi kuna redieta ndogo. Mipira miwili inaleta maji moto kutoka kwa injini na kuyarudisha. Feni inapuliza. Basi. Shida ni kwamba mipira hiyo niliitoa mwaka ule ilipoanza kunilowesha miguu, na vitu vizuri havitupwi nyumbani kwangu. Mmoja nimeupata umefunga mlango wa zizi la ndama. Wa pili uko kwenye mfereji wa tangi, Marcella anajazia mitungi.

Nikauchomoa. Marcella akasema, Baba Kiende, leo utachota maji kwa mdomo. Nikamwambia ni kwa ajili ya mjukuu. Akanyamaza. Ndama hakunyamaza, alitoka akala miche ya sukuma.

Nimefunga mipira kwa kamba za blada, ile mipira ya ndani ya tairi. Nilizikaza kwa meno. Fundi gani wa siku hizi anaweza?

Jumatano, 8 Julai

Nimeendesha mpaka kiwanda cha kahawa na kurudi. Feni inapuliza vizuri sana. Inapuliza baridi! Afadhali ningefungua dirisha. Na miguu imelowa.

Nilipita kwa Makandi, yule msichana wa gereji ya marehemu Kinoti. Baba yake ndiye alikuwa fundi wangu. Nilisimama tu kusalimia. Lakini yeye akaingiza kichwa kwenye injini bila kuombwa, akatazama mshale wa joto, akauliza, mzee, gari limetembea kutoka wapi? Nikasema kiwandani. Akasema mbona mshale bado umelala?

Nikamweleza kwa fahari. Mfaransa wangu hajawahi kuchemka! Tangu themanini na tatu, nilipomlazimisha baba yake atoe ile themostati, kidude kinachoziba maji. Nilikitupa chooni mimi mwenyewe.

Makandi akacheka, akapangusa macho kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa na grisi. Akasema kidude hicho ndicho kinashika maji ndani ya injini mpaka yapate moto, kisha kinafungua. Bila hicho maji yanazunguka tu mbio mbio na hita haitapata moto hata ukienda Nairobi. Tena redieta ya ndani imetoboka. Niache gari, ataichomelea, na themostati atatafuta kwa Burale wa spea mjini.

Mimi? Nifundishwe na mtoto niliyembeba akiwa na nepi? Nikamwambia asante, salimia mama.

Nimeweka katoni mbele ya redieta kubwa kuzuia upepo. Mshale umeamka kidogo! Bila themostati, bila Burale. Sasa imebaki kuziba redieta ndogo iliyotoboka. Na hiyo najua dawa yake. Zamani nilikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la kwenda mji wa Maua. Redieta ikivuja barabarani, tulimwagia uji. Unapikika humo, unaziba.

Uji upo nyumbani. Mwingi.

Alhamisi, 9 Julai

Siku kubwa. Niandike polepole.

Nyuma ya jiko kuna kibuyu cha uji wa wimbi, umechachuka tangu Jumapili. Akina mama wa kanisa waliusaga na kuupika wapewe wazazi, maana mwanamke aliyejifungua lazima anywe uji huo apate maziwa. Kiende ni mmoja, kibuyu ni kikubwa. Nilichukua kidogo tu. Lita tano.

Nikamwaga kwenye redieta. Nikawasha. Dakika kumi: miguu mikavu! Nikapuliziwa upepo vuguvugu! Nilishuka nikacheza nikizunguka gari. Jirani Njuki aliuliza kama nimeokoka.

Moja kwa moja kwa Mutembei. Nilipiga honi langoni mpaka akatoka, amevaa suti ya kijivu, anaenda kwa mkutano wa bodi ya shule. Nikamwambia, mkwe wangu, ingia uonje, nitakufikisha. Akaingia. Akaweka mkono kwenye tundu. Akasema, kwa kweli Riungu, nimeshangaa. Nilitaka asimamishwe mtu barabarani awe shahidi wa maneno hayo.

Tulipoanza kupanda mlima wa sokoni akasema anasikia harufu kama ya shughuli ya harusi. Nikasema inatoka majikoni kwa watu. Akasema inatoka hapa. Nikaongeza gesi, na mshale, ambao sijauona ukisimama kwa miaka ishirini na sita, ulisimama, ukaenda mpaka mwisho.

Kisha: bwaa!

Kifuniko cha redieta kilipaa na katoni yake. Na chini ya dashibodi kulitoka uji. Si tone. Ulitoka kama mtu ameumimina, ukajaa kwenye magoti ya suti ya kijivu. Shukuru huo uliokwama kwenye hita haukuwa umepata moto wa kuchoma. Ulikuwa moto wa kunyweka.

Mutembei alitulia. Alitoa kitambaa, akapangusa shavu, akaonja ncha ya kidole. Akasema kwa kile Kiswahili chake cha shuleni: "Mkwe wangu, huu ni uji wa mzazi."

Sokoni kulikuwa na watu. Wote. Alienda kwa miguu akachukua saluni, akarudi na kamba, akanivuta mpaka nyumbani. Wamama wa viazi walipiga vigelegele. Mimi nilishika usukani na kupungia watu mkono, kama ndivyo tulivyopanga.

Ijumaa, 10 Julai

Marcella hajaniambia neno. Aliweka kibuyu kitupu kwenye kiti changu, akaenda shambani.

Kiende amepiga simu. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali akasirike. Amesema tu, baba, usijali, nitapanda gari la baba Mutembei.

Nilienda nikakaa ndani ya Mfaransa. Kiti bado kinanata. Hili jambo sijamwambia mtu, naliandika tu. Mwaka sabini na tisa, Julai kama hii, nilimleta Kiende mwenyewe kutoka hospitali ileile. Hita ikiwaka. Alilala njia yote akiwa mdogo kama mkate. Nilidhani nikiweza tena nitakuwa... Sijui. Wacha hiyo.

Saa tano nikasikia gari. Saluni ya Mutembei! Nikajua amekuja kucheka. Akashuka amevaa kabuti la zamani la shambani. Makandi akashuka upande ule mwingine na sanduku la spana. Kumbe Marcella alimpigia Makandi, Makandi akasema hana usafiri wa kwenda mjini, na Marcella akampigia Mutembei. Wamekwenda kwa Burale asubuhi na mapema. Burale hatupi hata skrubu. Ana themostati ya Mfaransa! Ameituma na salamu, kwamba mzee asiitupe chooni tena. Inaonekana habari zimefika mjini.

Nilisema sihitaji. Makandi akaniuliza kama ninataka kushinda au ninataka mtoto. Nikashika spana.

Alitoa ile redieta ndogo, akaipitishia maji ya tangi kwa shinikizo. Uji ulitoka. Ukatoka tena. Kuku wote wa Njuki waliruka ua. Alipoisafisha akachomelea matundu mawili, akafunga mipira kwa klipu za chuma, akaweka themostati. Mutembei alishika tochi chini ya dashibodi, amelala chali, na alipotaka kutoka ilibidi nimvute miguu. Kazi kubwa niliifanya mimi, ya kuwaelekeza.

Tuliwasha. Mshale ukapanda, ukasimama katikati, ukatulia. Mutembei akaweka mkono kwenye tundu. Haraka akautoa. Akasema, mahindi kweli yatachomeka.

Jumamosi, 11 Julai

Nimeamka nikaosha Mfaransa mara mbili. Tulikwenda magari mawili, Mutembei mbele. Aliniambia chaguo ni la Kiende.

Alitoka akiwa amemfunga mtoto kifuani, ndani ya blanketi. Akaelekea kwa saluni. Mlango ulikuwa wazi. Mimi sikusema kitu, na hilo Marcella atalishuhudia. Nilisimama tu kando ya gari langu, injini ikiunguruma.

Kiende akageuka. Akaja, akaingiza mkono dirishani, akauweka kwenye tundu. Akauacha hapo. Nilihesabu mpaka ishirini na moja.

Akasema, inanukia uji.

Nikasema, ndiyo.

Akacheka, akaingia.

Tulikuwa watatu mbele, na Riungu mdogo wa nne. Huko juu ukungu ulikuwa mzito, taa zote nimewasha, Mutembei nyuma yangu akilinda. Ndani tulitoa makoti. Marcella alijipepea kwa leso! Mtoto alilala njia yote, mdogo kama mkate. Karibu na Githongo alifungua jicho moja, akanitazama, akalifunga. Ametosheka na dereva.

Akina mama walikuwa langoni. Vigelegele! Uji haukuwapo, wakampa Kiende chai ya maziwa na wakanitazama mimi. Nikatazama kahawa yangu, inaendelea vizuri mwaka huu.

Jumapili, 12 Julai

Mtoto amenyonya vizuri. Marcella ameanza kuniongelesha. Alisema, sogea.

Baada ya ibada wazee waliniuliza siri ya hita. Nikawaeleza wazi. Makandi amesaidia, sikatai, na hicho kidude cha Burale kinapendeza. Lakini redieta ile imeshika kwa sababu uji ulikuwa umeshaingia kwenye kila kona na kuikaza. Makandi alikuja tu kumalizia. Wazee walitikisa vichwa. Wameelewa.

Mutembei amekunywa chai hapa. Si mtu mbaya, ukimjua. Alipoondoka nikaona mahali saluni ilipokuwa imesimama pana matone ya maji. Matatu! Maskini, ni kule kunivuta mlima wa sokoni. Sikumwambia, nisimtie wasiwasi. Atarudi kesho saa nne kumwona mtoto, na gari litasimama palepale wakati anakula.

Mtu aliyenitendea wema huu, na mimi nina utaalamu, nimwache avuje?

Marcella ameweka kibuyu kipya nyuma ya jiko. Kinachachuka vizuri. Nitahitaji kidogo tu. Lita tano.