Malalamiko Kuhusu Jina Nililolifuta

Ndugu Mkuu wa Maktaba,

Kwa heshima na taadhima, na bila kutaja kwamba wewe ni mjomba wangu, namlalamikia mkaguzi wetu wa kompyuta, yule tunayemwita Miwani. Ijumaa unanipandisha cheo kwa kuandika programu ya kuazimisha vitabu. Miwani anataka kwanza nirudishe jina la dada mmoja wa mtandaoni, eti ndiye aliyeiandika.

1. Ni kweli aliiandika. Akaiweka mtandaoni tuitumie bure, ila akaomba jina lake libaki kwenye msimbo, yale maandishi ya ndani ya programu. Wahenga walisema tenda wema nenda zako. Huyu ametenda, lakini hataki kwenda.

2. Jasho langu halionekani. Kitufe kilikuwa cha bluu, sasa ni cha kijani. Hapo nilikaa siku mbili. Jina lake lilikuwa mahali arobaini na moja, na kote nimeweka langu.

3. Mbele ya wahudumu wa kaunta, Miwani alinikumbusha kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Sikatai. Lakini aliyeviona ni mimi.

4. Mama, yaani dada yako, ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe ametunga programu. Niseme ukweli, hili ndilo linaloninyima usingizi. Tangu nizaliwe hajawahi kunisifu hivyo.

5. Ili nisionekane napendelewa, naomba majina ya waandishi yafutwe kwenye majalada ya vitabu vyetu vyote, na kila kitabu kipewe jina la aliyekipanga rafuni. Mzee wa rafu ya mashairi ameshakubali, anauliza tu kama atapigwa picha.

Natumaini utaliangalia jambo hili kwa jicho la haki, na lile jingine la undugu. Wasalimie wote nyumbani na wote ofisini. Hata Miwani msalimie, ila kidogo.

Wako mtiifu,
Mtunzi wa Programu

Nyongeza: Mjomba, programu imegoma tangu asubuhi. Kitabu hakitoki wala hakirudi, na foleni imefika mlangoni. Mama yumo, amekuja na majirani waione kazi yangu. Kila skrini imeandika: “Hitilafu. Muulize aliyeandika,” kisha jina langu. Wote wameniuliza. Hata mimi nimejiuliza, na sijui. Tafadhali mwambie Miwani anitajie jina la yule dada, maana nililifuta mahali pote arobaini na moja na sasa silikumbuki.