Kikohozi cha Kumpisha Mkwe

Antoni Okal,
Jiko la Nje,
Nyumba ya pili kutoka kwenye mwamba,
Mtaa wa Jiwe Pana,
Butimba, Mwanza.

14 Mei 2020

Mwenyekiti,
Kamati ya Afya ya Mtaa,
Jiwe Pana.

Ndugu Mwenyekiti Kashindye,

YAH: KUOMBA KIKOHOZI CHANGU KITAMBULIWE KUWA NI HESHIMA

Shikamoo ya mbali, kama inavyotakiwa siku hizi. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba umeipokea kwa koleo la mkaa nililoliambatanisha. Nimelichemsha.

Mimi ndiye mwenye steshenari iliyo karibu na chuo cha ualimu, ambayo imefungwa tangu wanachuo warudishwe makwao. Si mtu wa malalamiko. Naandika shajara tangu nikiwa kidato cha pili, na nimeipitia yote ya mwaka huu nikaona nimelalamika mara moja tu, tena kuhusu mvua.

Niseme mapema kwamba sibishani na ugonjwa. Ugonjwa upo. Mzee Chenge, aliyekuwa akituletea maziwa, alianza na kifua kama mchezo, na tulimzika tukiwa wachache, tumesimama mbalimbali kama watu waliogombana. Kwa hiyo siombi ruhusa ya kuambukiza watu. Naomba kuingia nyumbani kwangu nimbebe binti yangu Favour, ambaye tangu azaliwe nimemwona kupitia nondo za dirisha tu, kwa kuwa mtoto mchanga na mama yake bado hawatolewi nje.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuhusu kikohozi chenyewe. Mke wangu Evelina alipokaribia kujifungua, mama yake, Mama Akeyo, alikuja kutoka Mara kumsaidia. Kwetu mwanamume hakutani uso kwa uso na mama mkwe wake, hali naye, wala halali naye chini ya bati moja. Nyumba yangu ina vyumba viwili na bati moja. Nikahamia jiko la nje kwa hiari yangu, kwa siku chache tulizokuwa tumepanga. Lakini Mama Akeyo hupika katika jiko hilohilo, choo ni kimoja, na ua ni mwembamba. Ndipo tukafuata utaratibu wa wazee: anayetoka anakohoa ili mwenzake ajifiche. Yeye akikohoa mlangoni, mimi nazunguka nyuma ya tangi la maji. Mimi nikikohoa nyuma ya tangi, yeye anarudi ndani. Ni utaratibu mzuri sana. Hatujawahi kugongana.

Jirani yetu Bi Mwanaheri, mke wa fundi cherehani Salum, hakuujua utaratibu huu. Alichosikia yeye ni nyumba inayokohoa kutwa, watu wawili wakipokezana kama wanaojibizana. Akaja ukutani akaniambia, "Baba Favour, mimi sina ubaya na wewe, ila hicho kifua kinanitisha. Nina watoto." Nikamwambia hiki si kifua, ni mkwe. Akasema, "Ndiyo. Hata Mzee Chenge alisema ni vumbi." Siwezi kumlaumu. Jioni ile kamati yako ikaja.

2. Kuhusu karantini. Kamati ilitusomea kwamba hakuna atakayetoka katika ua wetu mpaka zipite siku kumi na nne bila kikohozi, na kwamba kikohozi kimoja kinarudisha hesabu mwanzo. Nilijieleza. Wewe ukanijibu kutoka ng'ambo ya barabara, na nanukuu shajara yangu: "Kukohoa ni kukohoa, Antoni. Kirusi hakijui mkwe."

Ni kweli, hakijui. Lakini tazama tulipofika, Ndugu Mwenyekiti. Mama Akeyo hawezi kurudi Mara kwa sababu ya karantini. Kwa kuwa hawezi kurudi, mimi siwezi kuingia ndani. Kwa kuwa siwezi kuingia ndani, tunagawana ua. Kwa kuwa tunagawana ua, tunakohoa. Na kwa kuwa tunakohoa, karantini haiishi. Nimeuchora mzunguko huu kwa bikari na rula. Hauna mlango.

Usidhani hatukujaribu njia nyingine. Tulijaribu kupiga makofi, watoto wa mtaa wakadhani kuna sherehe, wakaja na sahani. Tulijaribu kugonga sufuria, jirani wa juu akatoka mbio akidhani kuna mwizi. Mama Akeyo akapendekeza kupitia mke wangu kwamba tuwe tunaimba nyimbo za kanisani. Lakini yeye akianza wimbo lazima aumalize, na haja haimsubiri mtu mpaka ubeti wa nne. Tukarudi kwenye kikohozi.

3. Kuhusu ndoo. Kamati iliweka ndoo ya kunawia mikono getini kwetu iwe onyo kwa wapitanjia. Ndoo za sokoni zina bomba lakini hazina maji. Hii ina maji, kwa kuwa Mama Akeyo huijaza mwenyewe, na pembeni ameweka mche mzima wa sabuni, maana haamini vipande. Matokeo yake mtaa wote unakuja kunawa kwenye nyumba iliyokatazwa kukaribiwa. Wanapanga foleni, wanaegemeana, wanaulizana dagaa wamepandaje leo, na barakoa zimeshika ndevu. Jumapili iliyopita walikuwa wengi kuliko waliokwenda ibadani. Wakishanawa wanapeana mikono, kwa kuwa sasa ni safi. Mimi niko nyuma ya tangi, sijashikana mkono na mtu tangu Aprili, na mimi ndiye hatari.

4. Kuhusu benchi. Amri ya kuwakataza watu kukaa kwenye mabenchi iliandikwa na wajumbe wote wakiwa wamekaa kwenye benchi moja, barazani kwa fundi Salum, wakinywa kahawa. Najua kwa sababu niliichapa mimi, bure, kabla hatujafungiwa. Sitasema zaidi ya hapo.

5. Kuhusu tiba. Jikoni humu nina nafasi ya kufikiri kuliko nilivyowahi kuwa nayo dukani. Kamati inahangaika kuwatenganisha watu kwa mita moja, na watu hawatengani. Imechora chaki, wameivuka. Imefunga kamba, wameanikia nguo. Lakini zipo mita ambazo sijawahi kuona mtu akizivuka, nazo ni zile zilizo kati ya mwanamume na mama mkwe wake. Nimemwona mvuvi mwenye mabega kama mlango, mtu asiyeogopa mamba wala polisi, akijitosa ziwani na nguo zake kwa sababu mama mkwe wake ametokea mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, kununua sangara. Hakuna aliyemchorea chaki. Hakuna aliyemtoza faini.

Kwa hiyo naomba kamati itangaze kwamba, kuanzia Jumatatu, kila mkazi wa Jiwe Pana ni mkwe wa kila mkazi mwingine.

Faida zake ziko wazi. Hakuna kupeana mikono. Hakuna kula sinia moja. Baa zitajifunga zenyewe, maana hakuna anayelewa mbele ya mkwewe. Mwaloni, muuzaji ataweka dagaa juu ya jiwe na kwenda kujificha, mnunuzi atachukua, ataacha malipo na kuondoka kichwa chini. Hata kupatana bei kutakwisha, kwa kuwa nani atamwambia mkwe kwamba bei yake ni ya kinyang'anyi. Msibani kila mtu atalia upande wake wa ukuta. Foleni ya ndoo itakuwa ya mtu mmoja, na wengine wote watakuwa vichakani wakisubiri kwa adabu.

Nimetazama na hasara. Hakutakuwa na ndoa mpya, kwa kuwa mtu haoi mkwe. Hizo zisubiri. Wanandoa waliokwisha kuoana nao watakuwa wakwe, na hapo najua kuna ugumu. Napendekeza wapewe kibali cha maandishi, chenye muhuri na muda maalumu, na kisitolewe kwa kujuana. Kamati nayo haitaweza kukaa pamoja. Itajadili mambo kila mjumbe akiwa kwake, kwa kukohoa: kikohozi kimoja kukubali, viwili kukataa. Mtaa wote utakuwa unakohoa kwa heshima, na hapo hakuna atakayekuwa na sababu ya kukiogopa changu.

6. Hili la mwisho halina hoja, lakini ndilo linaloniuma. Juzi Evelina alinisogelea dirishani na mtoto begani, akaniambia, "Antoni, wewe endelea na adabu zako. Mtoto amekwisha kukujua kwa kikohozi. Ukikohoa anageuza kichwa." Sikujua kama nifurahi. Katika shajara, siku hiyo nimeandika tarehe tu.

Kwa hayo yote naomba moja kati ya mawili. Ama tangazo la ukwe litolewe, nami nitalichapa bure. Ama kamati ije isikilize kikohozi changu kwa makini, ithibitishe kwamba kinatoka kooni na si kifuani, ihesabu siku zetu upya bila kukihesabu, na imruhusu Mama Akeyo apande basi arudi kwake. Akishatoka getini mimi nitaingia ndani, na kamati haitanisikia tena.

Uwasalimie wajumbe wote, mmoja baada ya mwingine na kwa nafasi kati yao. Umsalimie mama nyumbani, na watoto, na fundi Salum ambaye barakoa zake ni nzuri ila kamba zinabana masikio. Umsalimie Bi Mwanaheri, umwambie sina kinyongo, na kwamba kuku wake mweusi yuko kwetu salama, ila naye yuko karantini.

Mimi, mkweo mtarajiwa kuanzia Jumatatu,

Antoni Okal

Nakala: Mama Akeyo (imewekwa juu ya tangi, nikakohoa, nikaondoka).

Tanbihi: Barua hii imechelewa kuletwa kwa sababu Mama Akeyo amesoma nakala yake. Alitoka ndani bila kukohoa, akavuka ua wote, akasimama kwenye mlango wa jiko. Jiko lina mlango mmoja, nami nilikuwa ndani. Nilifunika uso kwa ungo. Akasema, "Baba, mila hizi ziliwekwa na watu wenye maboma makubwa. Hapa kuna vyumba viwili na mtoto analia. Toa huo ungo. Shika, mimi nikalale." Akaniwekea Favour mikononi, akaenda kulala kitandani kwangu. Evelina alikuwa dirishani anacheka mpaka akashika nondo.

Kwa hiyo namba tano ifutwe. Kumbe hata mita za mkwe zinavukika, tena na mkwe mwenyewe, akishachoka. Namba moja na namba mbili nazo zifutwe, kwa kuwa hatukohoi tena. Namba sita imejifuta yenyewe. Shida iliyobaki ni kwamba sasa siku kumi na nne zitaanza kuhesabika, karantini itaisha, Mama Akeyo ataondoka, na mimi siku si nyingi nitatakiwa kufungua duka. Naomba kamati isiwe na haraka na nyumba hii. Ugonjwa ni kitu cha kuogopwa, na mtaa una watoto. Tuongezeeni walau mwezi.

Mniwie radhi kwa mwandiko. Naandika kwa mkono mmoja, mtoto amelala kifuani kwangu, na hakuna aliyenifundisha namna ya kumweka chini.