Barua Isiyo na Jina Kuhusu Poka

Jumatatu, tarehe 4 Machi
Miezi sita ya majaribio inaisha Ijumaa. Leo nimejaza fomu ya kuthibitishwa kazini. Swali la tisa: je, unacheza kamari? Kalamu ikasita. Poka ninayocheza kwenye simu ina hesabu na subira. Bahati ni chumvi tu. Nimeandika "La". Shangazi, aliyeniombea kazi hii na kunidhamini kwa sahihi yake, ameuliza kama fomu imekwenda vizuri. Nimesema vizuri sana. Akaniongezea mchuzi.

Jumanne, tarehe 5
Sikulala. Lakini nimepata mbinu. Nimeiandikia kamati ya maadili barua isiyo na jina: rafiki yangu anacheza poka mtandaoni, je, hiyo ni kamari? Wakisema siyo, nimepona. Wakisema ndiyo, mkosaji ni rafiki. Nimeichapa kwenye kompyuta ya idara nyingine. Nimeisoma mara nne, haina kosa hata la nukta. Nimeitumbukiza kwenye sanduku la maoni watu wakiwa kwenye chai.

Jumatano, tarehe 6
Kamati inacheka tangu asubuhi. Nimeambiwa na Koma, karani mwenzangu wa masijala, aliyepewa jina hilo kwa kusahihisha barua za kila mtu. Eti mwandishi kaficha jina, lakini juu kaweka kumbukumbu namba, kama tunavyofanya masijala kwa kila barua, na namba inaishia na herufi za jina lake. Akauliza, bwana mkubwa, hizi si zako? Nikasema wenye herufi hizo ni wengi. Akasema masijala tuko wawili, na njia ya mwongo ni fupi. Nimekimbilia kabatini. Nakala ipo jaladani. Niliihifadhi mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 7
Nimeitwa na mwenyekiti wa kamati. Nikajitetea kwamba poka ni ustadi, unamsoma mpinzani usoni. Akauliza hizo nyuso za mtandaoni huwa naziona wapi. Akasema karata hazimsumbui kama ile "La". Majaribio yameongezwa miezi mitatu, na mdhamini ameshapigiwa simu.
Shangazi hakufoka. Alisema tu kwamba yeye alitia sahihi bila kuniuliza hata swali moja, mwanawe. Heri angenichapa. Nimeufuta mchezo kwenye simu mbele yake. Hakutazama.

Ijumaa, tarehe 8
Nimeapa, poka basi. Koma kacheka, eti wiki haitaisha. Hapo nikaona njia ya kumfunga mdomo na kumrudishia shangazi heshima yake kwa mkupuo mmoja. Tumewekeana dau, mshahara wa mwezi mzima: nisipocheza miezi mitatu, wake ni wangu. Aliposita, nikapandisha dau hadi mishahara miwili. Nimepiga hesabu, siwezi kushindwa.
Shangazi nitamwambia nikishashinda.