Histamini na Mahari ya Wacera

Jumatatu, 2 Julai 1979

Baridi kali. Ukungu umeshuka hadi mlangoni pa choo. Tumbo limeniamsha kabla ya jogoo. Moto mtupu, kuanzia chini ya mbavu hadi kooni. Waithira, mke wangu, amesema niende hospitali. Nimemwambia mwalimu wa sayansi hapelekwi hospitali kama gunia la viazi. Amegeukia ukutani akalala.

Habari kubwa! Mzee Gicheru anastaafu. Ndiye msemaji wa ukoo wetu tangu nikivaa kaptura, lakini sasa meno yamekwisha na sauti inatoka kama ya paka aliyefungiwa stoo. Amesema atakayesema vizuri kwenye ruracio ya Wacera, siku ya kuzungumza mahari, ndiye atakayerithi bakora yake.

Wacera ni binti wa marehemu kaka yangu. Kijana anayemtaka ni karani kutoka Murang'a, mpole, miwani minene. Wamengoja wazee wakubaliane hadi msichana amekonda. Siku ni Jumamosi ya wiki ijayo.

Wanaoweza kusema ni wawili. Mimi, Mwalimu Kihara, mwenye cheti. Na Ngatia, binamu yangu, mwenye bucha pale Chaka. Mchinjaji! Maisha yake yote amehutubia ng'ombe, na hakuna hata mmoja aliyetoka hai.

Tatizo ni tumbo. Kwetu msemaji wa wenyeji ndiye huuma nyama kwanza na kuonja muratina, pombe yetu ya asali, kwanza, wageni wakimtazama usoni, ili wajue chakula ni safi. Akikataa, au akikunja uso, wageni husimama wakaenda zao na msichana hubaki nyumbani. Nami siku hizi hata githeri, mahindi na maharagwe tu, inanikunja uso. Ngatia anaweza kutafuna msumari akaomba chumvi.

Jumatano, 4 Julai

Maziwa! Kila mjinga anajua maziwa hupoza. Nimekunywa ya asubuhi yote, pamoja na yale ya ndama. Raha tupu. Nikaimba. Kisha, kabla sijafika shuleni, moto umerudi na ndugu zake.

Mchana nikageukia magadi. Nimechota kwenye kopo la Waithira la kupikia githeri, nikakoroga, nikanywa. Moto ukazima hapo hapo. Lakini gesi! Nilikuwa mbele ya kidato cha pili nikieleza mmeng'enyo wa chakula. Nimebeua mara moja, kwa urefu ambao sikujua ninao. Darasa zima limesimama kusalimia, wakidhani mkaguzi amefika na gari. Wapumbavu.

Jioni moto umerudi, mkali kuliko wa asubuhi. Waithira ameuliza nani ameiba magadi yake. Nimemwambia panya.

Ijumaa, 6 Julai

Nimegundua! Niko peke yangu katika wilaya nzima, labda katika nchi.

Katika stoo ya shule kuna majarida ya sayansi yaliyoachwa na mwalimu Mwingereza, yule aliyeogopa siafu. Nimeyasoma yote nikiwa nimeketi juu ya mipira iliyopasuka. Mambo yako hivi. Nyama ikifika tumboni, tumbo linatoa homoni iitwayo gastrini. Homoni ni mjumbe tu, inatembea kwenye damu. Kazi yake kubwa ni kuziamsha seli fulani zitoe histamini. Histamini ndiyo inayobisha kwenye seli za asidi, nazo zinafungua bomba. Kwa hiyo adui wangu si nyama, wala si muratina, wala si pilipili ya Waithira. Ni histamini!

Na dawa ya kuzuia histamini iko dukani. Piriton! Ile ya mafua, ile ya watoto wanaojikuna. Mabingwa wa dunia wanapasua watu matumbo, kumbe dawa iko karibu na stendi. Nimecheka peke yangu hadi mlinzi akaja kuchungulia.

Zabibu, binti wa Majengo anayeuza dukani, ameniuliza kama nina mafua. Nimemwambia ni mambo ya homoni. Amenitazama kwa huruma, kisha akanionya kwamba vidonge hivyo vinaleta usingizi. Nimemjibu kwamba usingizi ni wa watu wenye kichwa kitupu. Amefunga vidonge kwenye karatasi. Hawa wauza dawa wanajua bei tu.

Jumapili, 8 Julai

Baraza la ukoo baada ya ibada. Ngatia amesema mambo ya mahari yanataka mtu mwenye moyo wa kula na watu. Ametoa mfano wa mbavu za mbuzi. Kila mfano wake una mbavu.

Nikasimama. Nimesema mkwe ni karani, ukoo wake umesoma, wakisikia mchinjaji anawasemesha watadhani binti yetu anauzwa kwa kilo. Wazee wamecheka. Ngatia pia amecheka, jambo lililoniudhi. Mzee Gicheru amenipa kazi, Ngatia atakata nyama. Kila mtu mahali pake!

Kisha mzee amenivuta kando, akaniuliza kuhusu tumbo, kwani amesikia. Kila mtu amesikia. Waithira na chama chake cha akina mama ni zaidi ya redio. Nimemhakikishia kwamba nimelishinda kisayansi.

Waithira ameshauri niijaribu dawa kwanza siku ya kawaida. Wanawake! Sitaijaribu. Mtu hajaribu jambo ambalo tayari analijua.

Jumapili, 15 Julai

Nimeamka sasa hivi. Naandika nikiwa kitandani. Sehemu ya haya nimeyaona, sehemu nimesimuliwa na watu wasionipenda.

Jana asubuhi nilimeza Piriton tatu, na nyingine wageni walipoonekana wakipanda kilima katikati ya mibuni. Nilivaa koti la harusi yangu. Wacera alikuwa jikoni, macho mekundu. Alikuwa ameambiwa na mama yake kwamba wazee wa Murang'a wakikasirishwa hawarudi. Nilimwambia atulie, baba yake mdogo yupo.

Nikauma nyama kwanza. Nikaonja muratina kwanza. Uso wangu laini kama wa mtoto! Wageni wakapiga makofi. Ngatia alikuwa pembeni na kisu chake, amenuna, au ndivyo nilivyomwona.

Msemaji wao ni mzee aitwaye Wamae, mtu mrefu mwenye kikohozi. Akaanza. Walikuwa wamepita, wakaona ua, ua hilo lina maji yake, maji yana mto wake. Mto ulipofika bondeni sikuusikia tena.

Haya ndiyo niliyosimuliwa. Wamae aliuliza kama mbuzi wachache aliowataja wangetosha kwa leo. Kichwa changu kikashuka kifuani. Wageni wakaona nimekubali. Akauliza kama waliosalia wangengoja hadi watakapozaliwa na mama zao. Kichwa kikashuka tena. Akauliza, naye mwenyewe akiona aibu, kama ng'ombe wa mama mzazi angesamehewa, maana malisho huko kwao ni haba. Hapo, wanasema, nilishusha kichwa na kutoa sauti nzito ya kifua, ndefu, ya mtu aliyeridhika kabisa. Akina mama wa Murang'a wakapiga vigelegele. Mimi sikuvisikia.

Neno la msemaji halirudishwi. Wazee wetu walikaa na midomo wazi. Mzee Gicheru alijaribu kusema na sauti haikutoka. Ngatia ndiye aliyenibeba begani hadi nyumbani, anavyobeba nusu ya ng'ombe, na alipofika kwa Waithira akauliza aniweke wapi.

Na tumbo? Tumbo linawaka kama kawaida! Sielewi.

Jumanne, 17 Julai

Nimepelekwa hospitali. Sikwenda, nimepelekwa. Nilianguka jikoni nikishika tumbo, na Waithira hakuniuliza maoni.

Daktari Abdulatif ni kijana mnadhifu sana, mwenye kalamu tatu mfukoni. Amenibonyeza nikapiga kelele. Amesema nina kidonda, na kwamba kikiendelea hivi kitatoboka, na kikitoboka nitazikwa. Amelisema hilo mbele ya Waithira. Mke wangu amelia. Sikujua bado analia kwa ajili yangu. 

Kisha nikamweleza ugunduzi wangu, ili ajue anazungumza na nani. Amenisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo madaktari hawafanyi. Akasema nimepatia kuhusu gastrini, nimepatia kuhusu histamini. Nikamtazama Waithira.

"Ila histamini ina milango zaidi ya mmoja, Mwalimu," akasema. "Ule wa pua na ngozi ndio Piriton inaufunga. Hata kichwani uko mlango wa aina hiyo, ndiyo maana ukalala. Wa tumboni ni mwingine kabisa. Piriton haiugusi."

Nikamwambia histamini ni histamini. Akasema ndiyo, lakini ukifunga mlango wa choo hujafunga mlango wa kanisa. Waithira akacheka katikati ya machozi. Sikuona cha kuchekesha.

Kuhusu magadi amesema tumbo lina breki yake, homoni nyingine iitwayo somatostatini. Asidi ikitosha, breki inakanyagwa na gastrini inapungua. Mimi nilipoizima asidi kwa magadi, breki ililegea na gastrini ikatoka mbio kuwaita wengine. Maziwa nayo yanapoza kidogo, kisha yanaiita gastrini kama nyama inavyoiita. Ameeleza vizuri, kwa mtu asiyefundisha.

Amenipa vidonge vipya, vinavyofunga mlango wa tumboni. Ameniambia nivimalize vyote hata moto ukizima, na nisionje muratina hata kwa ulimi. Mlango! Kijana huyu angefaa kuwa seremala.

Jumapili, 22 Julai

Bakora amepewa Ngatia. Ameipokea kwa mkono uleule anaoshikia matumbo ya kondoo. Katika hotuba yake ya kwanza ametaja mbavu mara mbili. Ukoo umekwisha.

Jioni Wacera amekuja na sufuria ya uji wa wimbi. Nilidhani anakuja kunilaumu kwa niaba ya ng'ombe wa mama yake. Amekaa kwenye kigoda, akasema:

"Baba mdogo, wangebishana ile siku, ningezeeka hapa. Ni wewe peke yako uliyenionea huruma. Mama amekasirika, lakini mimi sitasahau."

 Ningeweza kumwambia ukweli. Nimemwambia mtu mwenye elimu huona mbali. Ameinama akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, nami nimefurahi kuliko nilivyofurahi nilipopata cheti.

Uji umeshuka bila moto. Ajabu.

Jumatatu, 30 Julai

Tumbo kimya kabisa! Nimekula mukimo wa viazi vya kupondwa, nimekula maharagwe, nimelala hadi jogoo akachoka. Waithira anasema ni vidonge vya daktari. Nimemweleza taratibu. Dawa yenye nguvu hukawia. Ni Piriton ile ya siku ya mahari, ilikuwa bado inatafuta njia, sasa imefika.  Amekwenda kumsimulia mke wa Ngatia.

Na sasa habari ya kumnyima Ngatia usingizi. Watu wa Murang'a wametuma ujumbe. Siku ya ngurario, tutakapokata bega la mbuzi na kuufunga undugu, wanaomba msemaji awe yule yule mwalimu. Mzee Wamae amesema katika maisha yake hajaona msemaji anayesikiliza vile. Mzee Gicheru amekubali kwa shingo upande, na amenituma: niwarudishe kwa lugha tamu hadi kwenye ng'ombe wa mama. Ngatia ameridhia mara moja, akicheka. Ana wivu, maskini.

Safari hii sikosei. Nimekaa nikafikiri, na kosa nimeliona: dozi. Tatu na moja ni za mtoto wa chekechea. Mtu mzima, mbele ya mbuzi mzima na muratina ya watu wawili, anahitaji nane. Nimezinunua leo. Zabibu amefungua mdomo aseme kitu, nikainua mkono.

Vya daktari vilikuwa vimebaki zaidi ya nusu, na mimi si mtu wa kuharibu dawa. Nimempelekea Ngatia. Ana mafua.