Hotuba ya Kufungua Nyumba ya Mama Kemuma

Jambo hili sijawahi kumwambia mtu. Kila nikiingia katika nyumba ya watu huwa nahamisha vyombo vyao kichwani mwangu. Hata matangani. Mwaka jana tulipokwenda kumzika jirani, watu walikuwa wakilia, nami nilikuwa nimekwisha kulisogeza kabati lao karibu na dirisha na kuondoa kalenda tatu ukutani. Kwa hiyo maafisa walipokuja kwetu Gesima siku ya Jumanne na kusema kwamba nyumba ya mama yetu imechaguliwa kuwa Nyumba ya Mfano, hakuna aliyefurahi kuliko mimi, ingawa nilinyamaza kama kawaida yangu.

Walibomoa ukuta wa ndani, ule uliotenganisha sebule na kitanda cha mama. Walisema siku hizi nyumba nzuri ni chumba kimoja kikubwa, na kwamba Ijumaa lori lingeleta makochi pamoja na kabati refu la kugawanya chumba. Mama alikubali kwa ajili ya hilo kabati. Kwetu Wakisii mkwe haoni kitanda cha mama mkwe wake, wala mwana wa kiume aliyetahiriwa haingii mahali ambapo kitanda cha mama yake kiko wazi. Tangu Jumanne kaka yangu Mogaka anakula nje. Kitanda hakihamishiki, kwa sababu miguu yake ni nguzo ambazo baba alizichimbia ardhini kabla hajaenda kazini Kericho. Shuka la kuning'iniza mama hataki hata kulisikia. Upepo ukilipeperusha mbele ya wakwe, habari itafika kwao Nyaramba kabla yao. Na wakwe wanakuja Jumapili asubuhi kumposa dada yangu Kemuma.

Ijumaa alasiri lori halikuja. Alikuja Bwana Ishmael Nyasani, na hotuba. Sisi ni Wasabato. Jua likitua Ijumaa hakuna wa kushika udongo wa ukuta mpaka Jumamosi jioni. Hotuba yenyewe naiandika hapa yote, na pale alipoyameza maneno nimeyasema mimi kwa niaba yake.

*

Mheshimiwa Chifu na msaidizi wako, waheshimiwa wazee wa kijiji, Mchungaji, Mwalimu Mkuu na walimu wasio wakuu, Mwenyekiti wa Komiti ya Majani Chai, Makamu wa Mwenyekiti, ambaye naona amekalia kiti kizuri kuliko changu, akina mama wa kwaya, akina baba mliosimama kwa kukosa viti katika sherehe ya viti, na wewe Mama Kemuma, mwenye nyumba, popote ulipojificha hapo nyuma: hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Watu wachache: Hatujambo.) Hiyo ya pili ilikuwa dhaifu, lakini katika ripoti yangu itaandikwa kuwa shangwe.

Mimi, kama mnavyojua, na kama hamjui mtajua kabla sijaketi, ndimi Afisa Mratibu Mkuu wa Uboreshaji wa Ndani ya Makao, Kanda ya Milimani, ofisi ambayo haikuwako kabla yangu na ambayo, wakubwa wangu wameniambia kwa upendo, huenda isiweko baada yangu. (Makofi.) Nimekwenda ng'ambo kwa kozi ya fanicha, na huko nimekalia viti ambavyo baba zenu hawakuviota. Nimekalia kiti kinachozunguka. Nimekalia kiti ambacho ukikiegemea kinalala chenyewe, na siku ya kwanza nilipiga kelele mpaka jirani akaja, lakini siku ya pili nilizoea, na leo nasema bila kujisifu, ingawa sifa zipo, kwamba katika wilaya hii nzima hakuna makalio yenye elimu kuliko haya. (Kicheko. Mchungaji anatazama viatu vyake.)

Ndugu wananchi, adui wa maendeleo ya mtu huyu wa milimani ni kigoda. Utafiti wa kisayansi ambao ofisi yangu iliufanya kutoka Nyaramba mpaka Kenyenya, ndani ya Landrova, bila kushuka kwa sababu ya matope, umethibitisha kwamba asilimia tisini na saba ya nyumba zetu hazina koordinesheni ya rangi, asilimia themanini zina kalenda za miaka iliyokwisha kupita, na asilimia arobaini zina kuku chini ya kitanda.

(Mzee Obwocha, jirani: “Hao kuku uliwaonaje ukiwa barabarani?”)

Omogaka, mzee wangu, takwimu haina haja ya kuona. Takwimu inakadiria.

(Mzee Obwocha: “Basi kadiria na lori litafika saa ngapi.” Kicheko.)

Nitafika hapo. Kwanza lazima niwaeleze sera, maana fanicha bila sera ni mbao tu. Sera yetu inaitwa openi plani. Maana yake ni kwamba mgeni akifungua mlango, jicho lake lisizuiwe na kitu chochote cha kizamani. Lianze kwenye kochi la miguu myembamba, lipande juu ya meza ya kioo yenye umbo la figo ya ng'ombe, (mtu mmoja: “Figo sisi tunakula!”) lipite kwenye zulia la rangi ya machungwa, lipumzike kidogo kwenye taa yenye kofia, na hatimaye, polepole, kwa utulivu, litue...

(Mama Kemuma, akiwa nyuma ya mgongo wa jirani: “Litue kwenye kitanda changu!”)

(Kicheko kikubwa. Watoto wanafukuzwa uani.)

Mama, umenikatiza mahali pazuri.

(Mama Kemuma: “Ukuta wangu uko wapi?”)

Hilo ni swali zuri, na kwa kuwa ni zuri nitalijibu kwa urefu. Ukuta wako, mama, haukubomolewa. Nimelitafuta neno “kubomolewa” katika faili na halimo. Ukuta wako ulipisha. Ulipisha awamu ya kwanza ya implimentesheni, ili nafasi yake ichukuliwe na Kabati la Kugawanya Chumba, lenye rafu za vitabu, rafu za vikombe, rafu ya simu siku simu zitakapopanda mlima huu, na kimlango kidogo cha kuhifadhia kitu ambacho wataalamu bado wanajadiliana ni kitu gani.

(Mama Kemuma: “Na kabati liko wapi?”)

Kabati liko katika hatua.

(“Hatua gani?”)

Hatua nzuri. (Minong'ono.) Tena ni nzuri sana, na mimi binafsi nimelisukuma kabati hili kutoka meza moja hadi nyingine, usiku na mchana, mpaka wenzangu ofisini wakaniuliza, Nyasani, hivi wewe unakula saa ngapi? Nikawajibu, nitakula mtu wa Gesima akishaketi.

(Mzee Obwocha: “Kwa tumbo hilo, kuna mtu ameketi mahali!”)

Tulieni. Najua wapo miongoni mwenu watu wa zamani watakaosema, mkwe ataona kitanda, kijana ataona kitanda, heshima itakwenda wapi? Nawajibu kwa masikitiko. Mila hizo mimi nilizivua uwanja wa ndege wa Embakasi, pale pale kwenye ngazi. Huko nilikokwenda nimeona kwa macho yangu kitanda ambacho asubuhi kinakunjwa kinakuwa kochi, na baba mkwe mtu mzima anakuja na kofia yake, anakikalia, ananywa chai, wala hana habari!

(“Yaya! Hapana! Yaya!” Mama mmoja anajifunika uso kwa leso. Mzee mmoja anachukua mkongojo wake na kwenda zake.)

Nasema hana habari! Na huku tunang'ang'ania vijiukuta vya udongo! Kufikia mwisho wa mpango wetu wa miaka mitano, kila boma kutoka hapa hadi ukingo wa wilaya litakuwa na kochi la watu watatu, kila dirisha litakuwa na pazia la maua makubwa, na nyumba ambazo hazina dirisha zitapewa pazia kwanza, dirisha litafuata. (Makofi ya Chifu.) Vikundi kutoka wilaya nyingine vitaletwa hapa kwa mabasi vije viingie, viangalie, vijifunze.

(Mama Kemuma: “Kabla ya mabasi, ingia wewe!”)

(Watu: “Ingia! Ingia! Ingia!”)

Ndugu wananchi, ningeingia. Hakuna mtu hapa anayetamani kuingia kuliko mimi. Nimeshinda nikitamani tangu nilipofika. Lakini kama wengi wenu mnavyojua, na wachache mlikuwa mmesahau kwa wema wenu, mke wangu ni binti wa ndugu yake mume wa Mama Kemuma. Kwa hiyo Mama Kemuma ni mama mkwe wangu. Na mimi, kama mtu niliyelelewa vizuri kule Kenyenya, siwezi kusimama mahali ambapo kitanda cha...

(Kelele. Hotuba inasimama. Mzee Obwocha anapiga magoti yake kwa viganja, akilia kwa kicheko: “Mila zilirudi na ndege ya nyuma!”)

Tulieni! Hii ni sherehe ya serikali! Mila niliyoivua Embakasi ni ile ya jumla. Hii ni ya nyumbani. Ndiyo maana mmeona nimehutubia muda wote huu nikiwa nimeupa mlango mgongo, jambo ambalo waandishi wa habari, kama wangekuwapo, wangelitafsiri kuwa ni unyenyekevu. Utepe utakatwa na Chifu. (Chifu: “Mimi ni mkwe wa boma hili upande wa pili.”) Utakatwa na Mchungaji. (Mchungaji anatikisa kichwa.) Basi utakatwa na mkasi uliofungwa kwenye ufito, na mwenye ufito ataangalia upande wa mashamba ya chai.

(Mzee Obwocha: “Mheshimiwa, jua linashuka. Sabato inaingia.”)

Jua nimeliona. Ofisi yangu inalifuatilia.

(Mama Kemuma: “Wakwe wanakuja Jumapili asubuhi. Sema tu! Kama kabati halipo, nichanganye udongo sasa hivi kabla jua halijatua. Sema ndiyo au hapana!”)

(Watu wote wanageuka kumtazama Bwana Nyasani.)

Mama mkwe, ndiyo na hapana ni maneno ya watu wasio na ofisi. Sisi tunasema linashughulikiwa. Usiuguse udongo, nakusihi. Udongo utachafua takwimu zangu, kwa sababu nyumba yako imekwisha kuhesabiwa kuwa ya kisasa na ripoti imekwisha kwenda. Ukijenga ukuta utanilazimisha nipunguze hesabu ya wilaya nzima.

Kwa hayo machache, nafunga. Tukiachana leo tuachane na kauli moja. Nikisema “Kochi!” semeni “Juu!” Kochi! (Kimya.) Kochi! (Mtoto mmoja, juu ya mti: “Juu!”) Kigoda! (Watu wote, kwa nguvu: “Juu!”) Hapana, hapo ilikuwa mseme “Chini.” Basi. Makao! (“Bora!”) Bora nini? (“Ukuta!”)

Shukrani. Naishukuru Komiti Kuu ya mradi huu, ambayo ni mimi. Naishukuru kalenda ya duka moja la mjini, ambayo picha yake ya mwezi wa nane ndiyo disaini yetu yote. Namshukuru dereva wa lori, ambaye msimlaumu kwamba amechelewa. Hakuitwa, kwa sababu lori halikuombwa, kwa sababu fanicha haikununuliwa, kwa sababu bajeti haikupitishwa, kwa sababu hakuna aliyeipeleka, kwa sababu mradi wenyewe haujapata kuandikwa mahali popote isipokuwa katika hotuba hii. Nawashukuru ninyi kwa kuuhudhuria. Na zaidi ya wote namshukuru mama mkwe wangu, kwa maana ukuta wake ndio kazi pekee ambayo mradi huu umewahi kuifanya, na umeifanya ikakamilika. Asanteni, na Mungu awakalishe vizuri.

*

Kwa mdomo wake Bwana Nyasani aliishia kwenye “linashughulikiwa”; yaliyofuata ndiyo yale aliyoyameza. Mimi sikungoja zaidi. Nilivua viatu vya shule, nikazunguka nyuma ya nyumba, nikamwaga maji kwenye shimo la udongo na kuanza kukanyaga. Makofi ya mwisho niliyasikia nikiwa ndani ya tope mpaka magotini. Mogaka alikata fito na kuzipitisha dirishani, uso wake ukiwa umeelekea kwenye migomba. Mama alikuja, akajifunga leso kiunoni, akaanza kufunga fito kwa kamba za migomba, na Kemuma akafuata nyuma yake akikandika.

Jua lilipotua ukuta ulikuwa umefika kifuani pangu. Mama alinawa mikono, nasi tukanawa. Jumapili alfajiri udongo ulikuwa bado mbichi. Tungeongeza mwingine juu yake wote ungeshuka. Aliyeketi sebuleni alikuwa haoni kitu. Aliyesimama karibu na ukuta alikuwa anaona kitanda chote.

Wakwe walifika, wakaingia, wakaketi. Walizungumza asubuhi nzima, na mambo yalikwenda vizuri. Kisha mzee wao, aliyekuwa amekaa karibu kabisa na ukuta, akashika mkongojo wake ili ainuke kwa maombi. Mimi nilikuwa nimeshika birika la maji ya kunawa. Nikasema kwa sauti, mbele ya watu wote, “Tata, baba yetu, hapa kwetu leo tunaomba tukiwa tumekaa.”

Alinitazama. Akaunyoshea ukuta kidole kimoja, akaugusa, akakitazama kidole chake chenye tope. Akakaa. Tukaomba.